Ghala Limejaa Viatu

Nyumbani,
Jumapili, 11 Februari

Shangazi mpendwa,

Leo naahidi kukueleza kila kitu, hata yale ambayo Mama ameniambia niyaruke. Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema mtu akitaka kuficha mambo asiandike barua, anyamaze tu, ataokoa stempu. Wewe nawe ulisema simu ni ya kuulizana umefika wapi, ila neno la maana liandikwe. Basi naandika.

Sisi hatujambo. Bibi hajambo isipokuwa goti. Anasema goti hilo ulimharibia wewe, siku aliyokukimbiza na mwiko ukiwa mdogo, ukapita chini ya meza naye akaigonga. Mama anakusalimu, anauliza kama wifi yake bado anakula amesimama kama mtu anayefukuzwa. Baba anakusalimu sana. Alitaka kuandika jina lake mwenyewe hapa chini, lakini alikuwa ametoka kazini na vidole vina gundi, ndiyo maana kona ya karatasi hii inang'aa. Usijaribu kuikunjua, itachanika.

Mimi nimekuwa wa tatu darasani. Hesabu ndiyo iliyonirudisha nyuma, lakini Kiswahili na Historia hakuna aliyenifikia.

Sasa neno lenyewe. Juzi Meneja wa kiwanda aliwakusanya wafanyakazi wote katika chumba cha kukatia ngozi. Aliwaambia kwamba serikali yetu imetia sahihi mkataba wa biashara na nchi nyingine, na kilichobaki ni Bunge kuuridhia. Ukiridhiwa, viatu kutoka huko vitaingia kwetu bila ushuru. Unamkumbuka Sindano, yule mshonaji anayewasemea wafanyakazi, ambaye hajawahi kumwogopa mtu? Aliuliza, "Na sisi je?"

Meneja akasema, "Sisi nasi tutauza kwao, mama. Mlango umefunguliwa pande zote mbili."

Sindano akajibu, "Tutawauzia nini, miguu?"

Baba anasema watu walicheka, lakini kicheko hakikukaa. Kila mmoja amekwisha kuviona viatu hivyo sokoni. Vinang'aa kama vimepakwa mafuta, na bei yake ni ndogo kuliko ngozi yetu kabla haijaguswa na uzi. Sasa hivi vinaletwa kwa uchache kwa sababu ya ushuru. Ushuru ukiondoka, nani atanunua kiatu cha Baba?

Nilimuuliza Mwalimu wa Historia maana ya kuridhia. Alisema serikali ikitia sahihi ni kama posa imepelekwa, na Bunge likiridhia ndiyo ndoa imefungwa. Nikauliza kama bibi harusi ameulizwa. Darasa zima likaangua kicheko. Mimi sikuwa natania.

Lakini pia alinieleza jambo lililonipa moyo. Katika mkataba huo kuna kifungu kinachosema viwanda dhaifu vitapewa kinga, ushuru wao utabaki kwa miaka kadhaa hadi vipate nguvu. Vilivyo imara vitaachwa vishindane. Na kamati ya Bunge ya biashara ndiyo itakayotembelea viwanda na kusema kipi ni dhaifu. Aliposema "kamati ya biashara" nilinyoosha mkono juu na kusema, "Shangazi yangu ni makamu mwenyekiti!" Hata hakuwa ameniuliza.

Shangazi, ulipogombea, wanawake wa chumba cha kushonea walikutungia wimbo kwa jina lako la utoto. "Kengele, lia tusikie." Niliimba nao mpaka sauti ikanikauka. Hakuna bunge linaloweza kuizima sauti yako. Bibi anasema ulipozaliwa majirani walidhani ni mapacha.

Utatusemea, si ndiyo?

Mimi mtoto wa kaka yako.


Ofisini,
Ijumaa, 1 Machi

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma ndani ya gari, halafu nikaisoma tena ofisini baada ya kufunga mlango. Ofisi yenyewe nachangia na mheshimiwa mmoja anayelala kitini kila baada ya chakula cha mchana na kukoroma kama cherehani iliyoishiwa mafuta, kwa hiyo kusoma barua kwa utulivu humu ni bahati. Nimefurahi umekuwa wa tatu. Sitafurahi mwakani ukiwa wa tatu tena.

Mwambie Mama yangu goti si langu, meza ilikuwa yake. Mwambie wifi nakula nimeketi, siku nikipata kula. Kaka yangu mwambie nimeiona gundi yake na nimeibusu, nikabaki nanata midomo.

Mkataba huu si nyoka, usimtie woga Bibi. Wewe unaona chumba cha kukatia ngozi kwa sababu ndiko baba yako aliko. Mimi jimbo langu lina pia wakulima wa ufuta, na ni wengi kuliko washonaji. Ufuta wao unaozea magunini kwa sababu huko nje unatozwa ushuru. Mkataba ukiridhiwa, utaingia huko bure. Hao nao walinipigia kura, nao waliimba, ingawa sauti zao hazikuwa nzuri.

Hicho kifungu cha kinga kipo, Mwalimu wako amesema kweli. Kamati yetu itafika kiwandani kwenu tarehe 20 mwezi huu. Waambie Kaka na wenzake watupokee vizuri. Kuna wenzangu humu wanapenda kusema kwamba watu wa kwetu ni wachafu na kazi yao ni kulalamika, na wanalisema mimi nikiwa nimekaa hapo hapo. Safari hii waje wajionee wenyewe. Nimekwisha jigamba. Msiniaibishe.

Kuhusu nitakavyosema bungeni, hayo tutazungumza tukionana.

Shangazi yako.


Nyumbani,
Jumamosi, 23 Machi

Shangazi mpendwa,

Salamu kutoka kwa wote. Bibi anakusalimu, ingawa Jumatano alikukasirikia. Alioga mapema, akavaa gauni lake la bluu, akaketi mlangoni tangu asubuhi. Msafara wenu ulipopita barabarani alisimama bila kushika ukuta, na unajua siku hizi hawezi kusimama bila ukuta. Magari hayakupunguza mwendo. Alisema, "Labda watarudi kwa njia hii hii." Nilimwacha hapo nikaenda kiwandani kuimba na kwaya ya shule. Niliporudi alikuwa bado hapo.

Mama anakusalimu. Baba anakusalimu.

Sasa nataka nikueleze upande ambao hukuuona, kwa sababu niliahidi kukueleza yote, na kwa sababu nimefurahi na sina wa kumwambia.

Barua yako Baba aliisoma kwa sauti mbele ya wenzake wakati wa mapumziko. Alipofika pale uliposema watu wa kwetu wanaitwa wachafu, chumba kizima kilinyanyuka. Ilikuwa kama umemtukana mama wa kila mtu. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyekwenda nyumbani mapema. Walipaka chokaa kuta zote. Waliziba dari kwa mabati ya nyumba ya mtu. Mama na wenzake walishona aproni mpya kwa watu wote kwa kitambaa cha mapazia. Ile mashine kubwa ya kubandika soli, iliyokufa tangu mwaka juzi, waliifunika kitambaa cha kutarizi na kuweka chungu cha maua juu yake, wageni wakadhani ni meza.

Unakumbuka ule upande wa chumba cha kushonea ambao siku hizi hukaa bila kazi kwa kukosa oda? Jumatano cherehani zote za upande ule ziliwashwa na watu wakakalishwa nyuma yake. Hapakuwa na ngozi ya kuwatosha. Nusu yao walikuwa wanashona hewa. Mama, mshonaji wa upande huo huo, alikuwa mmoja wao, na anasema hajawahi kushona mshono ulionyooka vile.

Sindano peke yake ndiye aliyekataa. Alisema, "Daktari akija nyumbani, mgonjwa hupakwa poda?" Meneja alikasirika, akampeleka jikoni kuwachemshia wageni chai, akae huko huko. Ile chai uliyokunywa ni yeye aliyeichemsha. Alitaka sana kuzungumza nawe.

Mwenyekiti wenu, yule ambaye tumbo linaingia chumbani kabla yake, alimsimamia Baba mezani kwake na kumwuliza, "Kazi inaendaje, mzee?" Nawe ulikuwa nyuma yake. Baba akajibu, "Inaenda, mheshimiwa." Mwenyekiti akampiga bega, akasema, "Hongereni! Hongereni sana!" Meneja akatabasamu mpaka jino la mwisho.

Halafu mkaingia ghalani, ambako kwaya yetu ilikuwa imepangwa. Hapa ndipo nilipotaka kufika. Rafu zilijaa maboksi hadi juu. Yale ya mbele yalikuwa na viatu. Yale ya nyuma yalikuwa matupu. Mimi mwenyewe nilisaidia kuyakunja jana yake, nikiwa na wasichana wenzangu. Tulikuwa katikati ya ubeti wa pili nilipokuona umebaki nyuma ya wenzako. Ulinyoosha mkono ukachukua boksi moja kutoka rafu ya nyuma. Nilisahau maneno ya wimbo. Ulilishika kidogo. Halafu ulilirudisha taratibu, ukalisogeza kwa kidole mpaka likakaa sawa na mengine, ukatoka.

Hukusema kitu. Ulitufichia. Nilitamani kukimbia nikukumbatie mbele ya wale waheshimiwa wote.

Asante, Shangazi. Hatukukuaibisha, nawe hukutuaibisha.

Kamati itaandika lini?

Mimi mtoto wa kaka yako.


Ofisini,
Alhamisi, 2 Mei

Mwanangu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Kazi zimenizidi kichwa.

Mpe Mama dawa ya kuchua niliyoiweka pamoja na barua hii, apake goti asubuhi na jioni. Mwambie msafara wa kamati si gari langu. Mtu hawezi kusimamisha magari ya serikali ili akaamkie nyumbani kwao. Anajua hivyo. Mwambie anajua.

Kwaya yenu iliimba vizuri sana. Wenzangu waliisifu njia nzima, na aliyezoea kusema watu wa kwetu ni wachafu alinyamaza kimya. Jambo hilo tu limenipa raha kubwa. Kamati huandika ilichokiona. Taarifa iko mbioni, na mambo yaliyomo hayajadiliwi kwa barua.

Soma hesabu. Wasalimie wote.

Shangazi yako.


Nyumbani,
Jumapili, 9 Juni

Kwa Shangazi,

Bibi anakusalimu na anashukuru kwa dawa. Mama anakusalimu. Nilimuuliza Baba kama ana salamu, akasema ana kazi.

Hukujibu chochote kuhusu boksi. Nilisoma barua yako mara nyingi nikidhani labda limo mahali sikuliona.

Wiki iliyopita gazeti liliandika yaliyomo katika taarifa ya kamati yenu. Sindano alilinunua, akalibandika kwa gundi ya soli kwenye ukuta wa chumba cha kukatia, na hakuna anayeweza kulibandua. Linasema viwanda vya viatu vimeonekana kuwa imara na havihitaji kinga. Kinga wamepewa watu wa viberiti na watu wa mablanketi. Sindano alikwenda kuwauliza wenzake wa kiwanda cha mablanketi walifanya nini kamati ilipofika. Wakamwambia hawakufanya kitu. Mvua ilinyesha, dari ikavuja, waheshimiwa wakalowa, wakaondoka haraka.

Sisi tuliziba dari!

Shangazi, nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi, utaona mwenyewe kwa nyuma. Nina hasira na Meneja. Nina hasira na kwaya, na wimbo wenyewe, na mikono yangu iliyokunja maboksi. Mama alishona hewa na tabasamu juu! Na nani aliyetuambia tujipambe? Barua yako ninayo. "Msiniaibishe." Tulikuwa tumeulizwa kama tunaumwa, sisi tukajibu tumeoga.

Nilipomsomea Sindano sehemu hiyo ya barua yako hakucheka wala kunikemea. Alisema tu, "Shangazi yako alitaka aje na wageni nyumbani kwao wakute pasafi. Kila mwanamke angetaka. Lakini wale hawakuwa wageni." Halafu akaniambia niende nikasome.

Meneja amekwisha kuwaambia watu wa upande ule wa cherehani wakae nyumbani mpaka watakapoitwa. Mama ni mmoja wao. Anaamka saa ile ile, anavaa, halafu anakaa.

Lakini taarifa bado haijasomwa bungeni. Mwalimu wa Historia anasema siku ya kusomwa, mjumbe wa kamati anaweza kusimama na kusema ukweli wake, hata kama wenzake hawakubaliani naye. Wewe ulikulia kiwandani mle. Bibi alikunyonyesha akiwa mapumzikoni kwenye benchi la nje. Huhitaji kuambiwa na kamati ghala letu lina nini.

Sitaki uukatae ufuta wa watu. Nataka useme tu kwamba viatu navyo vinahitaji kinga. Tafadhali lia tusikie.

Mimi mtoto wa kaka yako.


Ofisini,
Jumanne, 25 Juni

Binti,

Nimeipata barua yako na matundu yake. Mwalimu wako amekufundisha kuandika, nampongeza. Bado hajakufundisha unamwandikia nani.

Mimi ni dada wa baba yako. Usinikaripie kwa barua halafu ukamalizia na wimbo wangu wa kampeni kama sukari juu ya dawa. Unadhani kengele hujilia yenyewe? Kuna mkono unaoivuta. Chama kimetoa msimamo, na msimamo ni ndiyo. Mwaka jana mwenzetu mmoja alisimama akasema la moyoni mwake kuhusu jambo dogo kuliko hili. Leo kiti chake kina mtu mwingine, na watu wa jimbo lake hawana hata wa kuwaombea kivuko. Nikitolewa mimi, nani atauliza habari za kiwanda chenu mwakani? Wewe?

Na jambo moja umelipita haraka katika barua yako ya Machi, mimi sikulipita. Kaka aliulizwa. Mwenyekiti alisimama mezani kwake akamwuliza kwa mdomo wake, "Kazi inaendaje?" Kaka akasema, "Inaenda." Mtu mzima, fundi wa miaka yote hiyo, kisu mkononi. Mwenye kazi akisema inaenda, mimi ni nani niseme haiendi? Niseme mbele ya Bunge zima kwamba ndugu yangu ni mwongo?

Mwulize yeye kwanza, kisha uje kwangu.

Hukuniletea salamu zake. Umesahau, au hakuzituma?

Shangazi yako.


Nyumbani,
Jumapili, 14 Julai

Shangazi,

Bibi hajambo. Mama hajambo. Baba yupo. Hakuzituma. Sikusahau.

Nilimwuliza kama ulivyoniagiza. Alikuwa ameketi uani ananoa kisu chake cha ngozi, ingawa siku hizi kazi ni mara moja moja. Nilimsomea maneno yako yote, hata hilo la mwongo. Mama alinikonyeza nilipite, sikulipita. Baba aliendelea kunoa. Baadaye akasema, "Aliyeniuliza alikuwa amesimama na dada yangu. Na dada yangu alikuwa ameandika nisimwaibishe." Akajaribu makali kwenye kucha. "Ningemjibu nini, mbele yake?"

Ni hayo tu aliyosema. Nayaandika kama yalivyotoka.

Alhamisi tulifungua redio mapema. Majirani walikuja, na wanawake wa upande uliofungwa, na Sindano. Tulijaa chumbani mpaka wengine wakasikiliza kupitia dirishani. Bibi aliwekewa redio mapajani kwa sababu sikio lake la kushoto limezidiwa. Mimi nilikuwa nimewaambia watu wote kwamba utasimama. Niliwaambia bila ruhusa yako. Niliamini.

Spika akasema mwenyekiti wa kamati amesafiri, na taarifa itasomwa na makamu wake.

Watu walipiga makofi, Shangazi. Sauti yako ilipoingia chumbani, kabla hujasema neno la maana, watu walipiga makofi. Mwanamke mmoja dirishani akapiga kigelegele. Bibi akasema, "Nyamazeni, ni mwanangu."

Ukasoma, "Kamati ilikuta mashine zote zinafanya kazi, wafanyakazi wana ari, na ghala limejaa viatu."

Ulisoma polepole na kwa ufasaha, kama ulivyonifundisha mimi kusoma, ukipumzika penye nukta. Sindano alikuwa anamtazama Mama, na Mama alikuwa anatazama mikono yake. Baba alisimama, akasema, "Ameisoma vizuri," akatoka nje.

Halafu Spika akauliza. "Wanaoafiki waseme ndiyo." Ndiyo ikaanguka kama shehena ya mabati. "Wasioafiki waseme siyo." Zikasikika sauti chache, moja ya mzee, nyingine ya mtu mwenye kikohozi. Bibi alikuwa ameinama mpaka sikio limegusa redio. Yeye anaweza kukutambua katikati ya soko zima, hilo unalijua. Spika akasema walioafiki wameshinda, mkataba umeridhiwa.

Bibi akainua kichwa. "Mwanangu hayumo."

Mama akamwuliza, "Hayumo kwenye ipi, mama?"

"Kwenye zote mbili."

Watu waliondoka mmoja mmoja. Waliaga vizuri, wala hakuna aliyenisema, na hiyo ndiyo ilinichoma zaidi. Laiti wangenitukana! Sindano alibaki mwisho kusaidia kurudisha viti. Nilimwambia nakuchukia. Akasema, "Usimchukie mtu aliyenyamaza kote. Angekuwa amekwisha, angesema ndiyo kwa sauti." Sijui kama ni kweli. Nimelifikiria tangu siku hiyo na bado nina hasira. Nina hasira hata sasa. Ulikuwa na sauti ya kusoma viatu visivyokuwepo, ikakosekana ya kusema neno moja fupi. Kwa nini?

Lakini Mwalimu ananiambia ndoa bado haijaandikishwa. Hati ya kuridhia haijapelekwa kwa nchi ile nyingine. Serikali itaipeleka baada ya Bunge kumaliza kikao, na kikao kinaisha mwisho wa mwezi huu. Kabla ya hapo, mbunge aliyesoma jambo lisilo sahihi anaruhusiwa kusimama na kulisahihisha, na kamati italazimika kuitazama tena orodha ya kinga. Mwalimu amenionyesha kanuni yenyewe. Hapo hutakuwa unapinga chama. Utakuwa unasahihisha kauli yako mwenyewe, kama mtoto anavyofuta kosa kwenye daftari lake. Wakulima wa ufuta hawatapoteza chochote.

Ila ni lazima uwe unajua kwamba ulichosoma hakikuwa sahihi. Asiyejua hawezi kusahihisha. Hapo ndipo nilipokwama, na ndiyo sababu ya barua hii.

Ile Jumatano nilikuona kwa macho yangu. Mwezi Machi nilidhani unatufichia kwa sababu unatupenda. Juni nikadhani unajifichia wewe. Baada ya kusikia maneno ya Baba, nimeanza kudhani labda ulimfichia yeye, kama yeye alivyokufichia wewe, dakika chache tu kabla, mezani kwake. Na sisi sote, Mama na cherehani yake, tukapotelea katikati ya heshima yenu. Lakini haya ni mawazo yangu, na mawazo yangu yamekwisha kunidanganya mara nyingi mwaka huu. Sitaki tena kukisia.

Sikuulizi kuhusu chama, wala ufuta, wala Spika. Wala sikuulizi kwa nini magari hayakusimama. Baba ameweka karatasi na stempu mezani. Hakusema ni za nini, lakini ni yeye aliyeziweka. Kwa hiyo nijibu kwa posta ya kwanza, hata kwa neno moja, nitalisoma kwa sauti hapa hapa mezani naye akiwepo.

Lile boksi la rafu ya nyuma, ulipolishika, lilikuwa zito au jepesi?